Ati Kuangalia Tu?

Mjomba wangu alifundisha hesabu kwa miaka thelathini na miwili, na bado hesabu hii ilimshinda: shilingi 2,500 ni kidogo kuliko 52,200.

Fundi alimwambia hivi: "Mwalimu, niachie gari mpaka jioni niiangalie poa. Kuangalia ni elfu mbili mia tano. Nikijua shida ndio tuongee mambo ya kutengeneza." Mjomba akacheka kile kicheko chake cha ofisi ya walimu. "Ati kuangalia tu? Na hujashika hata spana?" Akawasha gari, likaanza kutetemeka kama trela iliyobeba kokoto, akaenda zake gereji nyingine hapo hapo Machakos mjini, ambako kuangalia ni bure.

Kwa wiki tatu, gereji hiyo ya bure ilimuuzia koili nne kwa 26,000, plagi nne kwa 7,200 na pampu ya petroli kwa 14,000. Ufundi ukawa 5,000. Gari likazidi kutetemeka. Wiki ya nne wakamwambia injini imekufa, atafute nyingine ya ex-Japan, 185,000 bila kufungwa. Hapo ndipo aliponipigia simu kuniuliza kama namjua mtu Nairobi anayetaka robo ekari Mutituni.

Naandika haya nikiwa na hasira, na hasira yenyewe haiwaendei wale unaodhani. Kila ninayemsimulia kisa hiki ananijibu upesi: mafundi ni wezi, bana. Wapo wezi, sikatai. Lakini ile gereji ilimuuzia mjomba kitu alichokuja kununua. Alikuja kununua vyuma. Aliyetaka kumuuzia akili alimwacha pale pale kando ya barabara, akihisi amemponyoka tapeli. Sisi wenye magari ndio tuliojenga gereji ya namna hiyo, kwa pesa zetu, na bado tunaijenga kila Jumamosi.

Fikiria unavyolipa. Fundi akikwambia "koili, elfu sita na nusu," unalipa, maana koili unaiona, ina boksi, unaweza hata kuondoka na ile ya zamani kwenye mfuko wa plastiki kama ushahidi. Akikwambia alishinda nusu siku akitafuta waya mmoja uliolegea, na ameurudisha mahali pake, unamwuliza kwa nini anakulipisha kwa kubonyeza waya. Basi fundi mwenye watoto atafanya nini? Atajifunza kwamba kichwa chake hakina soko. Atauza spea. Akikosea spea ya kwanza atauza ya pili, na kila akikosea anapata faida. Mpangilio ambao mtu anatajirika zaidi akikisia vibaya kuliko akijua, sisi tunauita bei nafuu.

Kwa magari ya zamani tuliponea chupuchupu. Gari likimisi, mambo yalikuwa matatu: moto, petroli, hewa. Mtu aliyebadilisha plagi, akasafisha kabureta, akakaza waya, alikuwa na bahati ya kupatia hata bila kujua alichofanya. Lakini gari la mjomba lina jambo ambalo kukisia hakuliwezi kabisa. Ni gari linalozima silinda zake makusudi.

Wacha nieleze, maana niligundua hata wasee wanaoendesha magari haya hawajui wanachoendesha. Ukitoka Athi River kuja huku kwetu, ukapita Lukenya ukiwa kwa themanini, barabara imenyooka na mguu umegusa tu mafuta, injini yako haihitaji nguvu zake zote. Watengenezaji wakajiuliza: kwa nini silinda zote nne zinywe petroli wakati mbili zinatosha? Kompyuta ya gari ikaamrishwa kulaza mbili. Valvu zake hubaki zimefunga, petroli haiingii, pistoni zinapanda na kushuka bure zikisindikizwa na wenzake. Ukikanyaga kupanda kilima, zinaamshwa. Katika injini ndogo ya Volkswagen ya mwaka 2012, silinda ya pili na ya tatu ndizo hulala, na mabadiliko yote huchukua kati ya milisekunde 13 na 36. Huwezi kuhisi. Mazda, katika injini yao ya lita 2.5 iliyoingia kwenye CX-5 mwaka 2018, hulaza ya kwanza na ya nne. Honda walianza mapema zaidi, mwaka 2003, kwenye Inspire ya V6: silinda tatu kati ya sita zinapumzika.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1981 Cadillac walitoa injini ya silinda nane iliyoweza kubaki na sita, au nne. Kompyuta za wakati huo hazikuwa na mbio za kutosha, magari yakawa yanagugumia, na wengi wenye magari wakaishia kukatiwa waya ili silinda zote nane zifanye kazi daima. Cadillac wakaiondoa kwenye magari yao mengi baada ya mwaka mmoja tu. Yaani hata kule ilikotoka, jambo hili liliwatoa watu jasho. Honda nao walishtakiwa Marekani na wenye magari ya V6 yenye mfumo huu, waliodai injini zinakula oili, plagi zinachafuka na gari linamisi. Kesi ikaishia kwa mapatano, na Honda wakaongeza muda wa dhamana kwa magari husika. Wenye magari wa kule walikuwa na wakili. Mjomba alikuwa na mimi.

Sasa tazama tulipo. Kanuni ya KS 1515 inaruhusu gari kuukuu kuingia Kenya mradi lisizidi miaka minane. Kwa hiyo kila ujanja wa Japani hutufikia ukiwa na umri wa mtoto wa Gredi ya Pili au ya Tatu. Kilichowekwa barabarani kule mwaka 2018 kimekuwa kikiteremshwa Mombasa miaka hii. Gari linateremka, kitabu chake kiko kwa Kijapani kwenye kabati la mbele, na mwenye gari anakitupa ili apate mahali pa kuweka miwani. Mwongozo wa karakana, ule wa kueleza mishipa yote ya injini, haupo kabisa. Halafu tunamwaga oili ya pipa, nzito ya 20W-50, "kwa sababu Ukambani ni joto," kwenye injini iliyotengenezwa kutumia oili nyepesi kama 0W-20. Katika mifumo mingi ya aina hii, oili ndiyo inayobeba amri. Kompyuta hufungua kivalvu kidogo cha umeme, oili inapita kwa nguvu, inasukuma pini ndogo ndani ya ule mkono unaosukuma valvu, mkono unalegea, silinda inalala. Oili ikiwa nzito, au ikikaa mpaka iwe lami, amri inachelewa au inakwama njiani. Mjomba alikuwa amepitisha tarehe ya sevisi kwa kilomita elfu nane. "Lakini nilikuwa naongeza," alisema, kwa sauti ya mwanafunzi aliyenakili.

Turudi kwenye gereji ya bure. Kijana wa pale hakuwa mjinga, nataka lieleweke. Alichomeka ile mashine ya kuskani, ikampa P0303. Akasema: silinda ya tatu inamisi. Kweli tupu. Akabadilisha koili ya tatu, halafu zote nne "ili tuwe sure", akafuta ule msimbo, taa ikazimika, mjomba akafurahi mpaka roundabout. Taa ikawaka tena.

P0303 inasema silinda ya tatu haikufanya kazi yake. Basi. Haisemi kwa nini. Mjomba nilimweleza kwa lugha yake: ni kama kuita majina asubuhi, ukaandika "hayupo". Rejista haikuambii kama mtoto anaumwa, amefukuzwa karo au ametumwa kuchunga mbuzi. Je, mwalimu akiona "hayupo" anamnunulia mtoto dawa ya malaria papo hapo, na kesho yake akimkosa tena anamnunulia miwani? Alinyamaza kidogo. Halafu akasema kwamba kuna walimu anaowajua wangefanya hivyo.

Na kosa kubwa kuliko koili lilikuwa lile la kufuta. Kompyuta ya gari ikiandika kosa, huandika na hali ilivyokuwa dakika ile: mwendo, joto la injini, mzigo, mzunguko. Kwa gari linalolaza silinda, hiyo ndiyo picha ya eneo la tukio. Kosa lilitokea injini ikiwa baridi? Basi ulalaji halali haukuwa umeanza, maana mfumo husubiri injini ipate joto. Lilitokea kwenye mwendo mtulivu barabarani? Hapo ndipo silinda hulala, tazama huko. Zipo hata namba zake maalumu, za kuanzia P3400, zinazotaja mfumo wa kulaza wenyewe, lakini kijana hakuzitafuta, kwa sababu hakujua kuna kinachotafutwa. Alifuta mara tano ndani ya wiki tatu. Polisi akifika kwenye mauaji na ndoo ya maji na Omo, sisi ndio wa kwanza kupiga kelele.

Nilikuja Machakos Jumamosi, nikamburuta mjomba mpaka kwa yule fundi wa kwanza. Jamaa hana bango. Ana mwembe, kontena la buluu, na daftari la shule la kurasa 96. Alimtambua mjomba na hakusema neno, jambo ambalo lilimuuma mzee kuliko matusi.

Hakufungua kitu. Aliuliza. Linatetemeka lini? "Saa zote," mjomba akajibu. "Si saa zote, Mwalimu. Washa." Likawashwa. Nikasikia kitu ambacho mjomba hakuwa amekisikia kwa mwezi mzima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asikilize: injini iliwaka vizuri kabisa. Ilinguruma kwa sekunde nne, tano, halafu ndipo ikaanza kuchechemea. Fundi akainua mkono. "Hapo. Umeskia?" Akazima, akangoja, akawasha tena. Vile vile. Sekunde chache za afya, kisha kilema.

Akaniambia koili mbovu haina sababu ya kungoja. Kitu kinachongoja sekunde tano kinangoja oili ipande.

Hata hivyo hakuamini maneno yake mwenyewe, na hapo ndipo nilipompenda. Alihamisha koili ya tatu kuipeleka ya kwanza. Bure, dakika nne. Kama kosa lingehama nayo, koili ingekuwa na hatia. Halikuhama. Akatoa plagi ya tatu: mpya, imelowa petroli. Petroli inafika, basi. Akaijaribu, cheche ipo. Akachukua kipimo cha kompresheni, kidude cha kuingia mfukoni, akapima silinda moja moja na kuandika daftarini: 180, 175, 178, 182. Wiki nne, na hakuna aliyekuwa amepima kompresheni ya injini waliyoitangaza maiti. Walitoa cheti cha kifo bila kushika mshipa.

"Hii ya tatu inabana kama wenzake," akasema. "Moto iko, petroli iko, kompresheni iko. Kitu inakosa ni hewa, na inakosa tu ikishawaka. Kuna mahali oili inafungia hizi valvu na haikuambiwa ifunge."

Akaongeza kwamba usitegemee kipimo hicho pekee. Kuna wakati pini zenyewe hukwama, valvu hazifunguki hata ukizungusha tu na stata, na kipimo husoma chini. Fundi mwenye haraka ataona namba hiyo aseme ringi zimeisha, ataifumua injini nzima. Mtu mwenye subira atapuliza hewa ya kompresa kupitia tundu la plagi na kusikiliza inatokea wapi. Hewa ikikaa humo isitoke, ringi na valvu ni nzima, na shida ni silinda kushindwa kuvuta pumzi. Kwa kipimo kibaya tu, gari hilo lingekuwa limeuzwa kama chuma chakavu.

Alitoa kile kivalvu cha umeme kinachopitisha oili. Kichujio chake kilikuwa kimejaa tope jeusi, mithili ya uji wa wimbi uliounguza sufuria, na kivalvu chenyewe kilikuwa kimegandia kikiwa wazi. Kila injini ilipowaka na oili kupata nguvu, silinda ya tatu iliamriwa ilale, na hakukuwa na wa kuiamsha. Akakisafisha, akakijaribu kwa betri mpaka kikaanza kulia tik, tik. Akamwaga ile oili, akaweka nyepesi inayotakiwa na filta mpya. Likawaka. Tukahesabu sekunde tano, kumi, dakika. Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Fundi akamwambia wazi kwamba hamuahidi milele: abadilishe oili tena baada ya kilomita elfu moja, na tope likirudi, kivalvu kinunuliwe kipya. Akasema na bei yake, na akasema asikinunue leo.

Najua mtakachoniambia, nimeshakisikia. Kwamba si kila mtu ana 2,500 za kutupa kabla kazi haijaanza. Sawa, lakini asiye na 2,500 ana 26,000 za koili kutoka wapi? Maskini ndiye asiyeweza kumudu kukisia. Tajiri akikisia vibaya anaita Uber. Mjomba akikisia vibaya anauza shamba.

Mtasema pia fundi anaweza kula pesa ya kuangalia na asiangalie. Anaweza. Ndiyo maana ukilipia uchunguzi dai kitu cha kushika: namba za kompresheni za kila silinda, misimbo yote ikiwa imeandikwa kabla ya kufutwa, picha ya plagi zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wake, na sentensi moja ya kueleza alichojaribu na kilichojibu. Asiyeweza kukupa hayo hakuangalia. Na akikuta hakuna kibovu, mlipe vile vile. Daktari akikuambia huna malaria humwambii arudishe pesa ya maabara.

Wengine, wale wa WhatsApp, watasema dawa ni kuuzima huo mfumo: kata waya, weka kidude cha kudanganya kompyuta, silinda zote zifanye kazi kama Mungu alivyotaka. Kuna magari ambayo hilo limesaidia, sibishi. Lakini kivalvu cha mjomba kilikuwa kimekwama kwa uchafu. Ungekata waya mpaka asubuhi kingebaki wazi vile vile. Hata kuzima mfumo kunahitaji kwanza ujue mfumo umeumia wapi, na hapo tumerudi kwa mtu mwenye daftari.

Nasikia pia wale waliosoma wanaosema jua kali haiwezi magari ya kisasa, tuwapeleke kwa "wataalamu". Huyu jamaa wa mwembe ana cheti cha NITA kwenye fremu ndani ya kontena, na kifaa chake cha kuskani ni kile kidude cha Bluetooth cha bei ya chakula cha mchana, kimeunganishwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Kilichomtofautisha na gereji ya bure ni kwamba aliruhusiwa, kwa saa tatu, kutofungua chochote. Wangapi kati ya wale vijana wa gereji ya bure wangekuwa kama yeye, kama kungekuwa na mteja mmoja kwa wiki anayelipia hizo saa tatu? Kijana aliyefuta misimbo mara tano alikuwa na magari sita yakimngoja, na bosi anayempima kwa boksi za spea zilizofunguliwa.

Saa kumi na moja jioni bili ikaja, kwa mdomo. Oili na filta, elfu sita. Kazi, elfu tatu. Mjomba akahesabu elfu tisa, noti moja moja, akamkabidhi na kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Na ile ya kuangalia, Mwalimu. Elfu mbili mia tano."

Mjomba akanitazama. Akamtazama fundi. "Lakini si umeshatengeneza?"

Fundi hakujibu. Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, kwa utaratibu, kidole baada ya kidole. Halafu akamfungulia lile daftari kwenye ukurasa wa leo, akaliweka juu ya boneti. Mjomba akavaa miwani. Alisoma ukurasa mzima kuanzia juu, kidole kikifuata mistari, kama anasahihisha.

"Hii ya tatu," akauliza, "ni 178 au 173?"

"Moja saba nane."

"Andika nane zako vizuri," mjomba akasema, huku akiingiza mkono tena mfukoni.